Usalama Hauna Siku ya Yenga

Ndugu mfanyakazi, namna ya kuingia shimoni unaijua vema. Unavaa buti na kofia ngumu. Unachukua taa. Unaacha namba yako mlangoni ili mkubwa wa kazi ajue kwamba uko chini. Zamu ikiisha na namba yako haijarudi, watu wanaanza kukutafuta.

Lakini siku ya yenga, unapochukua bibi na watoto kwenda kutembea katika mushitu kando ya kijito, sheria hizo zinabaki wapi? Miguuni kuna viatu vya wazi. Hakuna jirani aliyeambiwa mnapita njia gani. Watoto wanatangulia, kila mmoja upande wake. Tunasema wazi: jambo hili si sawa. Matembezi yasiyo na usalama ni kazi ya hatari, tena kazi isiyo na mshahara.

Usifikiri tunakukataza kutembea. Tunakuomba utembee! Dereva wa kamyo kubwa la mgodi anakaa kitini zamu nzima. Mgongo unakauka, tumbo linakua. Mwaka 2020, Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila juma. Mzunguko mmoja wa saa mbili msituni ni dakika 120. Lakini usidanganyike: hewa safi ya msitu haiondoi vumbi la mawe lililokwisha kuingia mapafuni. Kwa vumbi, kinga yako ni kule kazini.

Wenye bahati wanafika hata katika Hifadhi ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970, ambamo mto Lofoi unaanguka zaidi ya metre 300. Lakini si lazima kwenda mbali. Katika inchi yetu ya shaba kuna vijito vingi vinavyofuatwa na mushitu. Mnamo mwezi wa tisa, mbele ya mvua, miti ya miombo inatoa majani mapya mekundu, na ndani ya mushitu kivuli ni baridi. Uzuri huo ndio unaomfanya mtu asahau mambo manne.

La kwanza ni maji ya miguuni. Mtoto akiona kijito anataka kuingia. Katika maji yanayotulia, penye majani, kunaishi konokono wadogo wanaotoa vidudu vya kichocho. Vidudu hivyo vinapita katika ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Hakuna maumivu makubwa. Baadaye sana, mtoto anakojoa damu au anaenda choo chenye damu, na haya inamfunga mdomo. Mama, mwulize mtoto wako bila kumkaripia. Vidonge vya prazikwanteli vinatibu ugonjwa huu, lakini sharti apelekwe hopitali.

La pili ni maji ya kunywa. Wengi wanasema: tutayachemsha. Ni vizuri, kwa sababu moto unaua vidudu. Lakini moto hauondoi shaba wala kobalti. Kijito kinachopita karibu na machimbo, kiwanda au bwawa la matope ya madini, usinywe maji yake hata yakiwa safi kama kioo. Beba maji kutoka nyumbani.

La tatu ni nyoka. Kuna nyoka mnene, mvivu, mwenye rangi ya majani makavu, ambaye hakimbii anaposikia hatua. Ukimkanyaga, anauma. Buti na suruali ndefu zinakinga mguu. Mtu akiumwa, usikate, usinyonye, usifunge kamba kwa nguvu. Jiwe nyeusi linalouzwa sokoni halivuti sumu, linakupotezea saa. Mlaze mgonjwa na umvue kiatu mbele mguu haujavimba. Mfungie fimbo kama mtu aliyevunjika mfupa, umtulize, kisha mbebeni mpaka hopitali.

La nne ni njia yenyewe. Njia ya mzunguko inakuahidi kurudi mahali ulipotoka, kwa hiyo mtu anaendelea tu. Lakini ukifika nusu, kwenda mbele na kurudi nyuma ni urefu ule ule. Basi amua mbele ya kufika nusu. Kama mtoto amechoka, au wingu ni jeusi upande wa juu wa kijito, rudi. Kijito kinaweza kujaa hata pale uliposimama hapajaanguka tone la mvua. Tena jua letu linazama karibu saa kumi na mbili ya mangaribi, na chini ya miti giza linaingia mapema zaidi. Anza asubuhi. Saa kumi ikikukuta ungali msituni, umechelewa.

Wengine watajibu: «Babu zetu walitembea msituni bila buti, bila maonyo.» Ndiyo, lakini babu aliujua msitu wake mti kwa mti. Alijua ziwa gani la kuoga na ziwa gani la kuepuka. Tena hakuondoka bila kuaga. Watoto wako wamezaliwa kambini. Wanajua barabara na mpira. Nani atawafundisha msitu, kama si wewe?

Wewe unayemkaripia kijana mpya anayeingia shimoni bila kofia, mtoto wako anakuangalia pia. Akikuona unatii sheria mbele ya mkubwa wa kazi tu, atajifunza kwamba usalama ni kuogopa wakubwa. Akikuona unaitii msituni, mahali ambapo hakuna anayekuandika, atajifunza kwamba usalama ni kupenda watu wako.

Basi, siku ya yenga ijayo, fanya kama kazini. Hesabu watu wako mkiingia na mkitoka. Mkubwa mmoja atangulie, mwingine afunge nyuma. Na mbele ya kuondoka, mwambie jirani njia yenu na saa ya kurudi. Yeye ndiye atakayeshika namba yenu.

Safari njema, na mrudi wote!