Uaminifu wa Sauti na Majivuno ya Tarakimu

Liko jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu, na leo nalitoa kifuani. Wako watu miongoni mwetu, wasomi kwa vijana, waaminio kwamba muziki hausikiki sawasawa ila kwa chombo maalumu cha mfukoni, kilichoundwa kwa kazi hiyo moja tu, tena chenye tarakimu kubwa zilizochapwa ubavuni mwake. Asikilizaye kwa simu humwona kuwa nusu kiziwi. Ukiwauliza sababu, hukujibu kwa hesabu: biti 24, vipimo 192,000 kwa kila sekunde. Nasema kwamba hesabu hizo, katika kazi ya kusikiliza, ni pambo la bei. Nasema zaidi kwamba wazitangazao wamekifunika kitu chema kilichomo ndani ya chombo kile kile wanachokisifu.

Nianze na sikio, maana ndilo mnunuzi. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo tangu kadiri ya 20 hata 20,000 kwa sekunde. Umri ukienda, upeo huo wa juu hushuka. Mimi niandikaye haya nimekwisha agana na sehemu yake kubwa, wala sikupata kuililia. Mwaka 1949 Claude Shannon alithibitisha kwa hesabu kwamba wimbi la sauti likipimwa kwa idadi izidiyo maradufu ya mtetemo wake wa juu kabisa, vipimo vile vyatosha kulirudisha wimbi zima kama lilivyokuwa. CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde kwa biti 16. Idadi hiyo yapita maradufu ya 20,000, na biti zile zatoa nafasi ya desibeli kama 96 baina ya sauti ya chini na ya juu. Wasemao kwamba muziki huvuja kati ya kipimo na kipimo, kama maji yavujavyo katika tenga, hawakuisoma hesabu waitajayo.

Haki itendeke. Liko tenga livujalo kweli. MP3, jina lililoanza kutumika mwaka 1995, hubana muziki kwa kutupa sauti ambazo sikio halitazamiwi kuzitambua kwa kuwa zimefunikwa na nyingine zenye nguvu. Ikibanwa kupita kiasi, matoazi huwa kama mchanga umwagwao juu ya bati, na fidla hupoteza pumzi yake. Aliyekulia katika nyimbo za namna hiyo, zilizopokezanwa kwa simu mkono hata mkono, akapewa siku moja wimbo mzima usiobanwa, atashtuka, na mshtuko wake ni wa kweli. Lakini kilichomshtua ni wimbo mzima, na wimbo mzima huo ungesikika katika chombo cha bei ndogo vile vile. Mfanyabiashara husimama kati ya mambo hayo mawili, akauza la pili kwa ushahidi wa la kwanza.

Yako majaribio. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo ya kazi yao kule Marekani: wasikilizaji walichezewa sauti ya kipimo kikubwa, kisha sauti ile ile ikipitishwa kwanza katika kipimo cha CD, wasiambiwe ipi ni ipi. Katika mara 554 walipatia 276. Mtu arushaye shilingi hewani hupata kadiri hiyo hiyo. Wapinzani wangu watanitajia Joshua Reiss wa London, aliyekusanya majaribio mengi mwaka 2016 akaona kwamba watu hupatia zaidi ya nusu, na waliofunzwa hupatia zaidi. Naam, alikuta hivyo, wala sitalificha: kwa jumla ilikuwa asilimia 52 na kitu. Basi nauliza, ni nani kati ya wenye vyombo hivi aliyeambiwa dukani kwamba analipia asilimia mbili na kitu?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 2014 mwanamuziki Neil Young aliwaomba watu fedha za kuunda chombo chake kiitwacho Pono, akapewa zaidi ya dola milioni 6; kufikia mwaka 2017 shughuli ile ilikuwa imekwisha. Mwaka 2016 Sony walitoa kichezeshi chenye mwili wa shaba iliyopakwa dhahabu, kwa bei ipitayo dola 3,000. Dhahabu kwa shingo ya bibi harusi naielewa.

Mwanafunzi wangu mmoja alijinyima chakula cha mchana karibu mwaka mzima akanunua chombo cha namna hii, si cha dhahabu, lakini cha kumkondesha mtu. Alikileta kwangu kama mtu aletaye mtoto kuombewa dua. Nilichukua wimbo mmoja alioununua kwa kipimo cha 192,000, nikatengeneza nakala yake kwa kipimo cha CD, nikazitia zote mbili katika chombo kile kile. Nikamgeuza uso ukutani. Mara 20 nilimchezea, nikiacha shilingi iamue ipi itangulie. Mara 11 alipatia. Alikasirika. Akasema vipokea sauti vya masikioni vilikuwa vibaya, na hapo alisema la maana kuliko alivyojua, kwa sababu tofauti baina ya vipokea sauti na vipokea sauti husikika hata na babu yangu, na fedha za chakula chake zingalifaa huko.

Kisha, alipokuwa akikirudisha chombo mfukoni, akasema: "Lakini Mwalimu, hiki hakiniiti."

Nililala na neno hilo. Simu ni mtumishi mwenye mabwana mia. Unasikiliza ubeti wa pili, na mtu asiyekujua akuletea habari ya mkopo. Unarudi, ubeti umepita. Chombo cha muziki peke yake hakina cha kukuletea. Kijana yule hukaa kitandani saa nzima, taa imezimwa, akasikiliza taarabu tangu bashraf hata mwisho, jambo ambalo wengi wetu hatujalifanya tangu redio ya nyumbani ilipoacha kuwa ya watu wote. Nyimbo ni zake, zimo ndani, hakuna kampuni iwezayo kuziondoa usiku. Hiyo ndiyo fadhila ya chombo hiki, nami naitetea. Ila haina biti. Kichezeshi duni cha sokoni kinayo, na hata redio kaseti ya marehemu mjomba ilikuwa nayo.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Kijana huyu alinichezea nyimbo za Siti binti Saad kutoka katika faili la kipimo kikubwa kabisa. Siti alirekodiwa Bombay mwaka 1928, kwenye santuri za kuzungusha mara 78 kwa dakika, zisizokaribia hata nusu ya mitetemo 20,000. Tulisikia nini? Mikwaruzo ya sindano, wazi kama mvua juu ya makuti. Aliyenakili aliitumia santuri iliyochakaa, akaitia katika gunia kubwa, akaandika ukubwa wa gunia. Santuri nzima iliyotunzwa, sindano ya kadiri yake, na fundi mwenye subira, vingeturudishia sauti ya mama yule zaidi ya biti zozote.

Tena si santuri tu. NUTA Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz walirekodi kwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye mikanda ya sumaku, na mkanda wa sumaku huharibika: gundi hulegea, unga wa sumaku hubanduka, na joto letu na unyevu wa pwani havina huruma. Mkanda uliokufa haufufuliwi na kichezeshi cha dola 3,000. Tunashindana nani ana kioo safi zaidi cha kutazamia picha, na picha zenyewe zinaliwa na mende. Hapa katika chuo tunao vijana wajuao kutofautisha biti 16 na 24, lakini sijamwona hata mmoja aliyejifunza kusafisha kichwa cha mashine ya mkanda.

Nilimwambia hivyo mwenye chombo. Hakunijibu siku ile. Juma lililofuata alikuja na boksi la kaseti 14 za harusi, mali ya shangazi yake wa Tanga, akaniuliza wapi pauzwapo spiriti ya kusafishia.