Meno ya Chini Yakitangulia ya Juu

Waalimu wa madrasa twawajua watoto ambao herufi ya fa huwapa taabu. Fa hutoka kwa ncha za meno ya juu kugusa upande wa ndani wa mdomo wa chini. Na watoto hawa, wabanapo meno, ya chini hukaa mbele ya ya juu. Wenziwao huwapa majina, nao huzoea kucheka huku wameziba kinywa kwa kiganja. Nyumbani husemwa, "Babu yake alikuwa hivyo hivyo," na maneno yakaishia hapo.

Ni kweli kuwa hali hii aghalabu hurithiwa. Lakini kurithi si sababu ya kuacha kutibu. Pengine taya la juu limechelewa kukua, pengine la chini limezidi, na pengine ni yote mawili. Mtoto hukata chakula kwa shida, na meno yagonganayo vibaya huweza kulika.

Wako wazazi wasemao: "Na angoje akue, apasuliwe." Nasi twawanasihi wasiifanye kauli hii kuwa ya kwanza. Katika upasuaji huo mfupa wa taya hukatwa, ukasogezwa, ukafungwa kwa vibati na skrubu. Kwa kawaida haufanywi illa baada ya taya kwisha kukua, na hata hapo aghalabu huhitaji vyuma vya meno kabla na baada yake. Miaka yote ya kungoja, mtoto yumo katika taabu yake.

Iko njia nyingine, nayo ina wakati wake. Daktari wa kupanga meno humvisha mtoto chombo cha usoni kinachoegemea kipaji na kidevu. Mipira midogo hukiunganisha na chombo kilichoshikizwa kwenye meno ya juu, ikalivuta taya la juu mbele polepole. Mara nyingi kaakaa nalo hupanuliwa kwa chombo chenye skrubu, ambayo mzazi huizungusha kidogo kama alivyoagizwa. Chombo cha usoni huvaliwa saa 12 hadi 14 kwa siku, usiku ukiwamo, kwa miezi kadha wa kadha. Hufaa zaidi kabla ya miaka 10, kwani maungio ya mifupa ya uso hayajakaza. Samaki mkunje angali mbichi.

Huko Uingereza watoto 73 wa miaka 7 hadi 9 walitiwa katika majaribio: baadhi wakavishwa chombo hiki, na baadhi wakaachwa kwanza bila ya matibabu. Matokeo ya baada ya miaka 6 yalitangazwa mwaka 2016. Katika waliotibiwa, 36 katika kila 100 walionekana kuwa wanahitaji upasuaji. Katika walioachwa, 66 katika kila 100. Basi chombo hakimwepushi kila mtoto na kisu, maana taya la chini huendelea kukua wakati wa kubaleghe, na daktari hana budi kumwangalia mpaka akome kukua. Lakini tofauti hiyo si ndogo.

Wengine huuliza: Je, huku si kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu? Lililokatazwa ni kuyachezea meno kwa kutaka uzuri tu. Kuondoa dhara ni jambo jingine. Imepokewa katika Abu Dawud na Tirmidhi kuwa Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akavaa ya fedha, ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru avae ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume.

Kwa hiyo, enyi baba na mama, mtoto afikapo miaka 7, mwambieni abane meno ya nyuma, kisha mtazame ya mbele. Mkiona ya chini yametangulia, mpelekeni kwa daktari wa meno mwaka huo huo. Na akishavishwa chombo, msiwaache nduguze wamcheke, kwani kitu kilichofanyiwa mzaha hakivaliwi, na kisichovaliwa hakiponyi. Wabillahi tawfiq.