Faundesheni, konsila na maji ya udhu



Kila unapowadia msimu wa harusi, na khasa katika mwezi wa Shaabani, suali moja hurejea katika kamati za misikiti yetu hapa Pemba. Biharusi amepambwa baada ya adhuhuri na atakaa na mapambo yake hadi usiku. Je, atasali vipi alasiri, magharibi na isha?

Wapo wanaomtuliza kwa kumwambia kuwa vipodozi alivyopakwa vina alama ya halali, basi asiwe na wasiwasi. Wapo wanaosema kuwa faundesheni ni ya maji, haizuii kitu, na kwamba kinachozuia ni konsila kwa uzito wake. Na wapo, hili ndilo zito kuliko yote, wanaoziacha sala tatu zikapita ili wazilipe kesho yake, kwa kuchelea kuharibu kazi ya mpambaji iliyolipiwa fedha nyingi.

Sala ya fardhi haiakhirishwi kwa sababu ya poda. Hilo halina mjadala. Ama hayo majibu mawili ya mwanzo, yanahitaji tuigeuze chupa na kusoma kilichoandikwa nyuma yake.

Vilivyomo ndani

Ukiiweka faundesheni na konsila pamoja ukalinganisha orodha za viungo, utaona kuwa ni watoto wa mama mmoja. Zote mbili zina rangi za madini. Nambari CI 77891 ni oksidi ya titani, unga mweupe unaofunika madoa. Madini yake hayatoki mbali na sisi tu: mchanga wa Kwale, ng'ambo ya bahari yetu upande wa Kenya, ulichimbwa kwa ajili hiyo kwa takriban miaka 10 hadi mwishoni mwa 2024. Nambari CI 77491, 77492 na 77499 ni oksidi za chuma, nyekundu, ya manjano na nyeusi. Kwa lugha nyepesi ni jamaa za kutu, isipokuwa hizi hutengenezwa kiwandani kwa usafi. Kwa kuchanganya hizo nne hupatikana rangi ya kila ngozi, kuanzia nyeupe hadi nyeusi.

Rangi hizo huchukuliwa na maji, ambayo huandikwa Aqua, na mafuta pamoja na silikoni. Silikoni utazijua kwa majina yanayoishia na “cone” au “siloxane”, kama vile Dimethicone. Kisha kuna viungo vya kuunganisha maji na mafuta yasitengane, vihifadhi vya kuzuia vijidudu kama Phenoxyethanol na jamii ya parabeni, na mara nyingi manukato, ambayo huandikwa Parfum.

Tofauti iko katika vipimo. Faundesheni hutandazwa uso mzima, kwa hiyo hufanywa nyepesi: maji au silikoni nyepesi huwa nyingi, na rangi huwa ya wastani. Konsila huwekwa mahali padogo, chini ya macho au juu ya doa, kwa hiyo hutiwa rangi nyingi zaidi, maji machache zaidi, na mara nyingi nta, ya nyuki au ya mimea, ili ishike. Konsila ya kijiti huenda isiwe na maji kabisa, na ile isiyo na maji haihitaji vihifadhi vingi, kwani vijidudu hustawi penye maji.

Msomaji azingatie jambo moja asome orodha vizuri. Viungo hutajwa kwa wingi wake, kilicho kingi kikitangulia. Lakini vile visivyofika asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote, na rangi huruhusiwa kuwekwa mwisho hata zikiwa nyingi. Kwa hiyo rangi kutajwa mwisho si dalili ya uchache wake.

Suali la kwanza: asili yake

Rangi za madini hazina tatizo kisharia. Penye kutazamwa ni pengine. Nambari CI 75470, inayoitwa pia Carmine, ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu waliokaushwa, na wanavyuoni wamekhitilafiana juu yake. Mwenye kutaka kujitoa katika shaka ataiacha, kwani zipo nyingi zisizo nayo. Glyceryl Stearate, Stearic Acid na gliserini zinaweza kutokana na mimea au na mnyama, na orodha haisemi ni kipi. Hapa ndipo alama ya halali inapofaa, kwa kuwa aliyeitoa amekwisha kuuliza chanzo.

Wengi hushituka wakiona neno Alcohol. Tutofautishe. Cetyl Alcohol na Cetearyl Alcohol ni vitu vigumu kama nta, havilevyi, na jina tu ndilo linalotisha. Alcohol Denat. ndiyo spiriti yenyewe, na humo mna khitilafu baina ya wanaoihesabu najisi kama mvinyo na wanaoitenga na mvinyo ikiwa haikutokana nao. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Suali la pili: je, maji yanafika?

Hapa ndipo panapokosewa zaidi. Alama ya halali hujibu suali la asili. Haisemi lolote kuhusu maji kufika kwenye ngozi. Nta ya nyuki ni tohara bila ya shaka, na ikiganda usoni inazuia maji vile vile.

Aya ya 6 ya Suratul Maida imetuamrisha kuosha uso, na kuosha ni maji kupita juu ya ngozi. Imamu Nawawi, katika fiqhi ya Kishafii tunayoifuata sisi wengi wa visiwa hivi, ameiweka wazi tofauti tunayoihitaji: nta, unga uliokandwa au hina yenyewe ikibakia juu ya kiungo, tohara haisihi, ama ikiondoka hina ikabakia rangi yake tu, tohara inasihi. Hali kadhalika mafuta ya majimaji ambayo maji hupita juu yake na kuigusa ngozi hayadhuru.

Tupime kwa kipimo hicho. Konsila yenye nta haina utata: ni mwili uliokaa juu ya ngozi. Na faundesheni ya maji? Jina hilo linaisifu ilivyo ndani ya chupa. Ikishapakwa, maji hukauka, na silikoni nyepesi kama Cyclopentasiloxane hupaa hewani kwa dakika chache. Kinachobakia usoni ni utando wa silikoni nzito ulioshikilia unga wa madini, na umetengenezwa makusudi usitoke kwa jasho. Kinachostahamili jasho la Pemba kitastahamili viganja vitatu vya maji. Jaribio lake ni jepesi: tia maji usoni, kisha pangusa kwa kitambaa cheupe. Ikitoka rangi nzito kama uji, ule ni mwili uliobakia, wala si rangi tu iliyoingia ngozini kama ya hina.

Kwa hiyo faundesheni na konsila, kwa upande wa udhu, hukumu yake ni moja: ziondolewe kwanza. Na maji matupu hayatoshi kuziondoa, kwa kuwa mafuta na silikoni huyakataa maji. Pakaza mafuta ya nazi, sugua taratibu, pangusa kwa pamba, kisha osha kwa sabuni. Zingatieni haya zaidi katika josho la janaba, ambalo biharusi atalihitaji usiku huo huo au alfajiri yake, na ambalo halisihi ikiwa sehemu ya uso au kope imezibwa.

Suali la tatu: madhara

Kanuni ya kuondosha madhara ni katika misingi ya fiqhi, nayo inaugusa uso kama inavyogusa tumbo. Ngozi ya chini ya macho ni miongoni mwa ngozi nyembamba kabisa za uso, na ndipo konsila inapowekwa. Mwenye ngozi inayowasha achague isiyo na Parfum. Atazame pia mchoro mdogo wa kopo lililo wazi: 6M au 12M maana yake ni miezi ya kutumia tangu lilipofunguliwa. Mpambaji anayechovya brashi moja kwenye nyuso kumi awabebea maradhi watu kumi.

Lakini khatari kubwa kuliko hizo ni mkorogo. Binti hujichubua miezi kadhaa kabla ya harusi. Zebaki iliyomo huingia mwilini na kuharibu figo. Haidrokwinoni, ikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuigeuza ngozi ikawa na mabaka ya buluu na nyeusi. Siku ya harusi inapofika ndipo hutafutwa konsila nzito kuyaficha madoa ambayo krimu yenyewe imeyaleta. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipanga vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni viondoshwe ifikapo 2020, na hapa kwetu sheria namba 2 ya mwaka 2006 imevitia vipodozi chini ya usimamizi pamoja na chakula na dawa. Hata hivyo makopo huvuka bahari.

Yaogopeni makopo yasiyo na orodha ya viungo. Yaogopeni yenye maneno Mercury, Calomel au Hg. Na ipo dalili nyengine inayotajwa na wataalamu wa afya: krimu inayoonya kuwa isiguse dhahabu, fedha wala vito, huenda ina zebaki ndani yake. Kitu ambacho muuzaji wake anaiogopea pete, vipi tusiuogopee uso wa mtoto wetu? Kopo la namna hiyo lipelekeni kwa watumishi wa Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, walioko hapa Pemba.

Nasaha kwa wenye harusi

Wazazi na masomo, panga saa ya kupamba kwa kuitazama saa ya sala. Biharusi asali adhuhuri, kisha achukue udhu mpya na ndipo apambwe. Udhu ukidumu, atasali nao alasiri na hata magharibi bila ya kugusa uso, na vipodozi visiwe na najisi. Ukitanguka, uso usafishwe, atawadhe, asali, kisha apambwe upya. Mpambaji aambiwe hivyo mapema, tangu siku ya mapatano, na malipo ya kazi ya pili yaingizwe humo. Bora zaidi, sherehe ya jioni ianze baada ya isha.

Wala tusisahau kuwa singo, liwa na dalia za mabibi zetu husuguliwa na kukoshwa kwa maji, zikabakisha harufu na nuru ya ngozi. Nazo zina adabu yake: mafuta ya karafuu yasipakwe matupu usoni, kwani huunguza.

Pambo la mke kwa mumewe ni jambo jema linalolipwa. Tuwasaidie mabinti zetu walipate bila ya kupoteza sala wala afya. Allah azibariki nyumba zinazofunguliwa msimu huu.

Wallahu aalam.