Baiskeli Ilale Wapi?

Hivi, baiskeli yako inalala wapi? Usicheke. Hapa Singida mjini swali hili ni zito kuliko linavyoonekana.

Mimi naishi chumba kimoja cha kupanga, futi 10 kwa 10. Humo ndani mna kitanda, meza, ndoo tatu za maji, jiko la gesi, rundo la magazeti ya zamani ninayokataa kuyatupa, na baiskeli. Hiyo baiskeli ndiyo inayonipeleka kwenye habari: mahakamani, manispaa, stendi, na hata ukingoni mwa Ziwa Singidani wavuvi wanapokuwa na lao la kusema. Kipato cha mwandishi wa mkoani mnakijua, sina haja ya kuwaeleza.

Nataka kuwasimulia jambo ambalo sijivunii. Kwa miezi mingi jirani yangu wa chumba cha tatu, kijana anayeuza mkaa, alikuwa akilaza Phoenix yake koridoni. Chumbani kwake wanalala watu wanne. Korido yetu ni nyembamba, ukitoka usiku kwenda msalani unagonga goti kwenye pedali. Mimi ndiye niliyelalamika. Nilimwambia, kwa maneno laini ya mtu aliyepita chuo kikuu, kwamba korido ni ya wote. Hakubishana. "Sawa kaka," akasema, akaitoa nje na kuifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya kibaraza. Siku ya nne asubuhi tulikuta mnyororo umekatwa.

Zaidi ya miezi miwili yule kijana alikuwa anakodi baiskeli ya mwenzake, na sehemu ya faida ya kila siku ikaishia kwenye kukodi. Mimi niliendelea kupanda yangu kwenda kazini. Nimeandika habari nyingi za wizi. Hiyo sikuiandika.

Mwenye kosa la kwanza ni mwizi, hilo halina mjadala. Lakini hebu tuitazame nyumba yenyewe. Ina geti pana na uwanja wa kuegesha magari mawili. Wapangaji tupo vyumba sita, hakuna hata mmoja mwenye gari. Baiskeli zilikuwa tano. Aliyejenga alilifikiria gari ambalo hatuna, na baiskeli tunazotegemea kula hakuzifikiria kabisa. Tembea mtaani kwako uone kama ni nyumba yetu peke yake.

Nikiwa mdogo, babu yangu kule Ikungi alikuwa na Swala, zile baiskeli za hapa hapa nchini zilizotengenezwa na kampuni ya umma ya NABICO. Babu aliishi kwenye tembe, na wanaolijua tembe wanajua halina nafasi ya kuchezea. Lakini kila kitu kilikuwa na kigingi chake: kibuyu, jembe, kamba ya ng'ombe. Chini palibaki pa watu. Sisi tuliohamia kwenye nyumba za bati tumerithi vyumba vidogo tukasahau vigingi.

Tupige hesabu. Baiskeli ya kawaida ina urefu wa karibu futi 6, na usukani wake una upana wa karibu futi 2. Ikisimama sakafuni inakula futi za mraba 12. Kwenye chumba cha futi za mraba 100, hiyo ni karibu nusu ya eneo la kitanda cha 4 kwa 6. Yaani kila mwezi unailipia baiskeli kodi ya nyumba.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka Uholanzi. Nenda kwa fundi wa kuchomelea na nondo ya milimita 12. Mwambie akate vipande viwili, avikunje ncha kwa juu ili baiskeli isiteleze, kisha avichomelee kwenye vibamba vya chuma vyenye matundu manne ya skrubu. Vitokeze kama sentimita 35 ili usukani usigonge ukuta. Vifunge ukutani kwa kimo cha futi 5, viachane futi 1 na nusu, uvizungushie tyubu kuukuu rangi isichubuke. Baiskeli inakaa kwa lile bomba la juu la fremu. Chini yake inabaki futi 2 na ushee: weka ndoo, weka gunia la mahindi.

Usiogope uzito. Phoenix ina kama kilo 20, sawa na ndoo ya maji ya lita 20, na ndoo hiyo dada zetu wanaibeba kichwani kila siku. Tofali la saruji linahimili vizuri. Kama ukuta ni wa tofali mbichi usijidanganye, simamisha nguzo ya mbao kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi, ufunge vyuma kwenye nguzo.

Kikwazo ni mwenye nyumba. Nilipomwomba ruhusa alinijibu, "Kijana, ukuta wangu siyo ubao wa matangazo." Namwelewa. Amejenga kwa jasho, na wapo wapangaji wanaoacha kuta kama chujio. Lakini matundu manane yanazibwa kwa kopo moja la saruji, na mpangaji anayelipa kodi ya miezi sita mkupuo hatatoroka usiku kwa sababu ya skrubu. Nasema hivi: mwenye nyumba mwerevu angeviweka vyuma hivyo mwenyewe wakati wa kupiga lipu, kama anavyoweka swichi ya taa.

Wengine wataniambia baiskeli imepitwa na wakati, siku hizi ni bodaboda. Sawa. Muulize muuza mkaa bodaboda anainunua kwa fedha gani, na mafuta anayaweka kwa fedha gani.

Mwezi uliopita yule kijana alipata baiskeli nyingine, kuukuu lakini nzima. Tulimfuata mwenye nyumba wapangaji wote sita, siku moja, kwa heshima zote. Mzee alinung'unika, akakubali. Vyuma vya chumba cha tatu nilivilipia mimi. Jirani hakuniuliza kwa nini, nami sikumweleza. Korido sasa ni nyeupe, na nikitoka usiku sigongi kitu.

Haya, wenye nyumba mnaosoma hapa, mnasemaje? Na wewe mpangaji, yako inalala wapi?