Milio isiyoombwa, pesa zilizokatwa

Makato ya milio ya simu ambayo mteja hakuiomba yaliwaumiza Wamarekani wengi kwa miaka kadhaa. Katikati ya bili ndefu ya mwezi ilijificha dola 9.99 ya milio, utabiri wa nyota au vidokezo vya mapenzi, ikiandikwa kwa maneno ya mkato ambayo mlipaji angeweza kudhani ni kodi. Mfanyabiashara wa nje alipeleka namba ya mteja, na kampuni ya simu ikakata pesa bila kuhakikisha kwamba mwenye namba ameridhia.

Kampuni za simu hazikuwa tarishi tu. Kwa mujibu wa tume ya serikali inayowalinda walaji, AT&T ilibaki na angalau asilimia 35 ya makato hayo. Mwaka 2014 ilikubali kulipa dola milioni 105, na T-Mobile angalau milioni 90, sehemu kubwa ikiwa ya kurejeshwa kwa wateja.

Anayetumia vocha yuko pabaya zaidi: hana bili ya kukagua, salio hupungua kimyakimya. Wasimamizi wa mawasiliano wazuie kila kato la namna hii hadi mwenye namba atoe idhini ya wazi.