Intaneti ya Mfanyakazi si Anasa



Hapa Nsambya wengi wetu tumepanga chumba kimoja, na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe kupitisha waya. Je, tukose intaneti? Hapana. Kipo kisanduku kinachotiwa laini ya simu: hunasa mawimbi ya mnara, kisha hugawa intaneti hadi kwa jirani. Kiwekwe dirishani, maana mabati huzuia mawimbi.

Tatizo ni bei. Julai 2021 serikali ilifuta kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku, ikaleta asilimia 12 juu ya bando. Kwa hiyo vyumba vinne vichange: kisanduku kimoja, bando moja, daftari moja la michango. Na chama kidai kodi hiyo iondolewe. Kidole kimoja hakivunji chawa.