Waandishi wa Kujitegemea Hapa Chuoni Tutalipwa "Asante" Mpaka Lini?

Pita kwenye vimbweta usiku, hasa zile wiki ambazo bumu limechelewa, uwaangalie watu walioinamia kompyuta. Wengine wanasoma, ndiyo. Lakini wengine wako kazini. Huyu anaandika maelezo ya vivutio kwa kampuni ya utalii, yule anafasiri hojaji ya watafiti kutoka Kiingereza, mwingine anatunga igizo la redio la dakika kumi kuhusu vyandarua. Ukimuuliza anafanya nini atakwambia, "Kuna kazi fulani hivi nimepewa." Hajiiti mwandishi. Na kwa kuwa hajiiti mwandishi, haulizi waandishi wenzake wanalipwa shilingi ngapi.

Hapo ndipo tunapopigwa. Semina za namna ya kuandika makala ya kuvutia tumehudhuria za kutosha. Kuandika tunaweza, ndiyo maana tunapewa kazi. Kitu tunachokosa ni chama, hata kiwe kidogo cha watu ishirini, cha kutuwezesha kujua bei, kuandikiana mikataba na kudai pamoja.

Mwaka jana niliandikia taasisi moja makala nane za elimu kwa wazazi. Tulikubaliana kwa simu shilingi 15,000 kwa kila makala. Malipo yalikuja baada ya miezi minne, tena nusu. Kila nikipiga simu, mhasibu alikuwa safarini. Hilo la kuzungushwa wengi mnalijua. Lililoniuma zaidi nililisikia baadaye kwenye foleni ya chakula: mwenzangu wa kitivo kingine aliiandikia taasisi hiyohiyo, makala za urefu uleule, kwa shilingi 40,000. Nimezisoma makala zake. Ni nzuri, lakini si nzuri mara mbili na nusu kuliko zangu. Taasisi ilijua bei za sote wawili. Sisi kila mmoja alijua yake tu, na tulikuwa tunalala hosteli moja.

Nasomea ualimu, kwa hiyo mfano wangu wa karibu ni huo. Mwalimu akiajiriwa serikalini anakuta ngazi ya mshahara imeshaandikwa, na anaikuta CWT. Walimu wanailalamikia CWT kuhusu makato, na wana haki ya kulalamika. Lakini hujawahi kusikia mwalimu amekwenda peke yake kwa mkurugenzi wa halmashauri kupatana mshahara kama mtu anayenunua nyanya sokoni. Mwandishi wa kujitegemea ndivyo anavyofanya kila wiki.

Wala si jambo geni duniani. Uingereza, waandishi walianzisha Society of Authors mwaka 1884, na mshairi Tennyson, ambaye kwa umaarufu wake hakuwa na shida ya kutafuta kazi, akakubali kuwa rais wake wa kwanza. Mpaka leo mwanachama akipewa mkataba anaweza kuupeleka kwao ukasomwa kabla hajausaini. Marekani, Editorial Freelancers Association hutoa jedwali la viwango vya malipo ili hata anayeanza leo ajue kazi ya kuhariri au kuandika huwa inalipwa kiasi gani. New York walikwenda mbali zaidi: kwa msukumo wa chama kiitwacho Freelancers Union, jiji lilipitisha sheria iliyoanza kutumika Mei 2017. Inasema kazi ya kujitegemea ya dola 800 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama mkataba hautaji tarehe ya malipo, mtu alipwe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kazi. Huko "mhasibu yuko safarini" si jibu.

Sasa tuangalie nyumbani. Si kweli kwamba hatuna kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda maandishi yako tangu unapoyaandika. Kuyasajili COSOTA si sharti la kupata haki hiyo, ila kunakupa ushahidi ugomvi ukitokea. Sheria hiyohiyo inakupa haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi, kwa hiyo kutaka jina lako liwekwe si maringo. Kwa wanaofasiri, BAKITA wana kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili, na jina lako likiwemo unaweza kupata kazi kutoka kwa watu wasiokujua kabisa. Kwa wanaoandika vitabu kuna UWAVITA. Kwa wenye miswada kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya Safal, ambayo zamani ilijulikana kama Mabati-Cornell. Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna CHAWAKAMA.

Vyote hivyo vitumieni. Lakini oneni pengo lilipo. Tuzo inampa mshindi, na washindi ni wachache. Hakimiliki inamlinda mwenye kazi yake mkononi. Anayeandika makala tano kwa wiki kwa mteja asiyemjua, bila mkataba, bila jina, bado anapambana peke yake.

Najua jibu la baadhi yenu: "Tukipandisha bei, wateja wataitumia akili mnemba." Hofu hiyo si ya kudharau. Lakini kumbukeni waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani mwaka 2023. Waandishi wapatao 11,500 waligoma siku 148, na makubaliano waliyoyapata yaliweka mipaka juu ya matumizi ya akili mnemba katika kazi zao. Kila mmoja angekwenda kuongea na studio kivyake, angeambiwa asante kwa maoni. Kama mashine ni tishio, basi ni sababu ya kukaa pamoja haraka zaidi.

Kuna jambo moja chama hicho kisiligusie mkono: kuwaandikia watu tasnifu na kazi za darasani. Najua zinalipa, na najua wapo wanaozitangaza hadharani. Ila mimi keshokutwa nitasimama mbele ya wanafunzi kuwaambia wasinakiliane. Siwezi kudai heshima ya fani yangu huku nauza cheti cha mtu mwingine. Tukichanganya biashara hiyo na hii, hata wateja wa halali watatuona wote wababaishaji.

Ombi langu kwa umoja wetu wa wanafunzi ni dogo, na halihitaji bajeti ya kutisha. Kwanza, tupewe chumba Jumamosi moja kila mwezi, wanaoandika kwa malipo wakutane. Pili, tuwe na daftari la bei: aina ya kazi, idadi ya maneno, kiasi kilichokubaliwa, kiasi kilicholipwa, na siku ngapi ulisubiri. Jina lako si lazima. Tatu, wenzetu wa sheria watusaidie kuandaa mkataba wa ukurasa mmoja wenye mambo matano tu: kazi yenyewe, bei, tarehe ya kulipwa, marekebisho yasizidi mangapi, na nani atamiliki maandishi baada ya kulipwa. Mteja anayekataa kusaini ukurasa mmoja amekuokolea miezi minne ya kupiga simu.

Daftari likishakuwa na kurasa kadhaa, ndipo tuzungumzie kiwango cha chini tusichokubali kushuka, na ndipo tutakuwa na cha kuwapelekea wakubwa wa fani hii tukiomba watupokee. Katiba, mhuri na viongozi vitafuata.

Kwa hiyo mkutano wa kwanza ukitangazwa, njoo na kitu kimoja tu: kiasi ulicholipwa kwa kazi yako ya mwisho. Usione aibu kikiwa kidogo. Hata changu mmeshakisoma.